Ngazi kwanza, ukumbi baadaye

Ndugu Mhariri,

Kila unapotangazwa mradi wa kukarabati nyumba za umma za gharama nafuu, michoro huja na ukumbi wa jamii. Huwa ni jengo la kupendeza machoni, limewekwa katikati ya eneo, na katika picha za mradi limejaa watu wanaocheka. Miaka mitatu baadaye lina kufuli mlangoni, na ufunguo anao mtu mmoja asiyepatikana. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini mambo huishia hapo, na fedha zile zingefanya nini kama zingepelekwa kwanza kwenye sehemu ambayo wachoraji wengi huiona kuwa njia ya kupita tu: ngazi, na zile hatua chache kati ya mlango wa nyumba na barabara.

Ujirani hauanzi na mkutano. Unaanza watu wanapoonana mara nyingi bila kupanga, mmoja akishuka na ndoo ya taka, mwingine akitafuta ufunguo mfukoni. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti kuhusu Westgate, makazi ya wanafunzi wenye ndoa katika chuo cha MIT, Marekani. Wakazi hawakuchagua jirani. Nyumba ziligawiwa kadiri zilivyopatikana. Walipoulizwa marafiki zao ni nani, waliopakana mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41, na waliokaa ncha mbili za ghorofa ileile kwa asilimia 10 tu. Waliokaa chini karibu na ngazi, nao, walikuwa na marafiki wengi zaidi wa juu, kwa sababu watu wa juu walipita mlangoni kwao kila siku.

Kwa hiyo swali la kwanza tunalouliza tukikabidhiwa jengo la zamani si watu wanataka huduma gani. Ni hili: mlango mmoja wa kuingilia unatumiwa na kaya ngapi?

Kaya 6 hadi 12 kwa ngazi moja ni idadi inayofanya kazi yenyewe. Tuseme kila kaya ina watu wanne. Kaya 12 ni sura 48, na mtu wa kawaida huzizoea zote ndani ya miezi michache. Anajua nani ni mkazi na nani ni mgeni, na anaweza kumuuliza mgeni anamtafuta nani bila kuonekana mpelelezi. Kaya zikifika 20 bado inawezekana, ila panahitajika mtu wa kuangalia jengo. Kaya 150 ni watu 600. Hapo hakuna anayejua nani anapita, balbu ikiungua kila mtu anadhani mwenzake ameshatoa taarifa, na ngazi inakuwa ya kila mtu, yaani si ya yeyote.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Pruitt-Igoe ya St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, nyumba 2,870, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950 na kuanza kubomolewa mwaka 1972. Ili kubana gharama, lifti zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 pekee. Kwenye vituo hivyo mchoraji aliweka veranda pana zenye vyumba vya kufulia, akitarajia zingekuwa mahali pa watu kukutana. Oscar Newman, msanifu aliyeyachunguza majengo hayo, aliona jambo ambalo hatujapata sababu ya kulipinga: sehemu iliyotumiwa na kaya mbili ilikuwa safi, korido ya kaya 20 ilikuwa imeharibika, na lifti na ngazi za kaya 150 zilikuwa balaa. Walikuwa watu walewale wa kipato kilekile, katika jengo moja.

Hatusemi mchoro peke yake ndio ulioua mradi ule. Matunzo yalitegemea kodi ya wapangaji, wapangaji walipopungua fedha zikapungua, na jengo likafukuza wapangaji wengine. Wasanifu hupenda kujipa lawama zote, labda kwa sababu lawama hubeba sifa ndani yake. Lakini somo la idadi ya kaya kwa kila mlango linabaki pale pale.

Sasa, unafanyaje ukikuta jengo refu lenye mlango mmoja, lifti mbili, na korido ya giza yenye milango pande zote mbili? Kubomoa ndilo jibu la haraka, na mara nyingi ndilo jibu baya. Kinachowezekana ni kulikata jengo lifanye kazi kama majengo madogo yaliyosimama ubavu kwa ubavu. Kila baada ya mita 20 hadi 25 hivi unatafuta nyumba au stoo ya chini unayoweza kuitoa sadaka ili iwe mlango mpya wa kuingilia, na juu yake unapandisha ngazi mpya, ama ndani ya nafasi hiyo, ama nje ya ukuta. Ngazi ya nje hugharimu msingi mpya, lakini haiibi chumba hata kimoja ghorofa za juu, na kazi hufanyika wakazi wakiwa ndani. Kisha korido inagawanywa kwa milango ya kuzuia moto.

Hapa ndipo watu hukosea vibaya. Kugawa korido kusiondoe njia ya pili ya kukimbilia wakati wa moto. Milango hiyo ifunguke pande zote bila ufunguo, ijifunge yenyewe, na vitasa vyake visikubali kufuli. Tumeona mnyororo ukifungwa kwenye mlango wa namna hiyo kwa jina la usalama. Mnyororo ule ni hatari kuliko mwizi. Mhandisi naye apime kuta kabla ya nyundo ya kwanza. Katika majengo yaliyoundwa kwa paneli za zege, ukuta unaoonekana kama kizigeu ndio unaobeba ghorofa ya juu, na kutoboa mlango humo kunataka egemeo la muda, fremu ya chuma na mpangilio maalumu wa kutoboa kutoka ghorofa moja hadi nyingine.

Ngazi yenyewe ikishapatikana, tazama kituo chake, yaani ile sakafu tambarare mbele ya milango. Kituo cha upana wa mita 1.2 kinatosha kupita na si zaidi: wawili wakisimama kuzungumza, wa tatu mwenye mzigo hapiti, na baada ya kusukumana mara mbili watu huacha kusimama. Kikipanuliwa hadi mita 1.8, mazungumzo hayazuii njia. Kikifika mita 2.4 unaweza kujenga kibaraza cha kukalia, kimo sentimita 45, kina sentimita 40, kikiwa cha zege au matofali ili kisiungue na kisihamishwe. Dirisha liwepo, na kizingiti chake kiwe kati ya sentimita 90 na 110 ili mtu mzima aegemee akiangalia nje. Tukilazimishwa kuchagua kati ya dirisha na rangi mpya, tunachagua dirisha. Hakuna anayesimama kupiga soga gizani.

Mahali pa korido ya ndani panaweza kuwekwa veranda ndefu ya nje, nyumba zikiwa upande mmoja. Veranda nzuri ina upana wa mita 1.5 ya kupita, na mbele ya kila mlango ukuta umerudi ndani kwa sentimita 60 hadi 90. Mrudi huo ndio mahali pa kiti, chungu cha maua na viatu. Bila huo, viti huwekwa njiani, jirani analalamika, msimamizi anapiga marufuku viti, na veranda inageuka korido ya hospitali. Dirisha la jikoni lielekee veranda, la chumba cha kulala lielekee upande wa pili. Ukigeuza mpangilio huo, watu watafunga mapazia mchana kutwa na usingeweza kuwalaumu.

Maji ya veranda yanastahili aya yao, maana yamevunja undugu kuliko siasa. Sakafu iteremke kwa asilimia 1 hadi 2 kuelekea mfereji ulio ukingoni, na chini ya ukingo pawe na mchirizi wa kudondoshea, mfuo mdogo wa upana wa sentimita moja hivi unaozuia maji kurudi ndani ya dari ya jirani wa chini. Mchirizi huo hausahauliki kwenye karatasi. Husahaulika wakati wa kumimina zege. Matokeo yake huonekana anayeosha sakafu juu akimlowesha nguo zake anayeanika chini. Kwenye vyuma vya ukingo, kimo kisipungue mita 1.1, nafasi kati ya chuma na chuma isifike sentimita 10, na vyuma visimame wima, kwani vilivyolala mtoto huvifanya ngazi.

Kuhusu lifti, jibu limeshapatikana kwingine. Singapore, ambako kama wakazi 8 kati ya 10 wanaishi katika nyumba zilizojengwa na shirika la umma la nyumba lililoanzishwa mwaka 1960, majengo mengi ya zamani yalikuwa na lifti zinazoruka ghorofa kama zile za St. Louis. Hawakuyabomoa yote. Kuanzia mwaka 2001 waliendesha mpango wa kuongeza lifti na vituo ili kadiri inavyowezekana kila ghorofa ifikike. Nchi hiyohiyo tangu miaka ya 1970 huacha ghorofa ya chini ya majengo mengi wazi, nguzo tupu na sakafu, na humo hufanyika arusi, misiba na michezo ya wazee. Wapo wanaouiga uwazi huo na kupata eneo la upepo na mkojo. Tofauti ni kwamba nafasi ile ya Singapore iko kwenye njia ya kila mtu anayekwenda kwenye lifti, ina taa, inasafishwa kila mara, na kuna utaratibu unaojulikana wa kuiomba. Nguzo tupu bila hayo manne ni nguzo tupu.

Watu wanaosikiana kupita ukutani hawaamkiani. Ni jambo linalopuuzwa kuliko yote, kwa sababu halionekani kwenye picha. Ukisikia ugomvi wa jirani usiku, asubuhi utaona haya kumtazama, na yeye ataona haya zaidi. Ukuta kati ya kaya mbili uzuie sauti kwa kiasi kisichopungua desibeli 50. Matofali matupu ya zege ya sentimita 15 yasiyopigwa plasta hayafiki hapo: sauti hupenya kwenye viungo visivyojazwa vizuri. Jaza viungo, piga plasta pande zote mbili, fikisha ukuta hadi kwenye slabu, yaani sakafu ya zege, ya juu badala ya kuuishilizia kwenye dari ya mbao, na usiweke visanduku vya soketi mgongo kwa mgongo. Kishindo cha miguu kinatibiwa juu, si chini: tabaka laini chini ya vigae linafaa kuliko dari ya pili kwa anayesikia. Choo kisikae juu ya chumba cha kulala cha mwingine. Ukisha kumpa mtu haki ya kufunga mlango na kupata ukimya, ndipo atakapoufungua kwa hiari.

Tutoke nje. Eneo kubwa la majani linalozunguka majengo huitwa la wote, na huishia kuwa la mbwa. Karl-Marx-Hof, makazi ya umma ya Vienna, Austria, iliyofunguliwa mwaka 1930 ikiwa na nyumba 1,382 na urefu unaozidi kilomita moja, ilijenga juu ya chini ya asilimia 20 ya kiwanja chake, lakini uwazi uliobaki ulifungwa kuwa nyua, na milango ya ngazi ikafunguka uani badala ya barabarani. Kila anayetoka au kurudi anapita mbele ya madirisha ya wenzake. Vyumba vya kufulia, mabafu na shule za chekechea vilikuwa humohumo. Huko Iquique, Chile, Alejandro Aravena na wenzake walipojenga Quinta Monroy mwaka 2004, waligawa eneo katika nyua zinazotumiwa na familia kama 20 kila mmoja, wakaacha nusu ya kila nyumba ijengwe na wenyewe. Norwich, Uingereza, nyumba za halmashauri za Goldsmith Street zilizopata Tuzo ya Stirling ya usanifu wa majengo mwaka 2019 zina kichochoro nyuma ya bustani, kinachofungwa kwa wasio wakazi, na watoto huchezea humo. Hali ya hewa na fedha ni tofauti katika sehemu zote tatu, lakini kila moja ina nafasi ya kati, si barabara na si chumbani.

Upana wa ua una kikomo kinachotokana na macho. Sura ya mtu hutambulika vizuri kwa mita 20 hadi 25. Kwa mita 100 unaona umbo tu. Ua wa mita 25 unatosha. Wa mita 60 ni uwanja. Vivyo hivyo kwa kimo: mzazi aliye ghorofa ya tatu anaweza kumwita mtoto na akasikika, aliye ya saba hawezi, kwa hiyo familia zenye watoto wadogo zipewe nyumba za chini. Mbele ya kila nyumba ya chini kata ukanda wa mita 1.5 hadi 2 uwe wa kaya hiyo, umezungushiwa ukuta wa sentimita 45. Ukuta wa kimo hicho ni mpaka na kiti kwa wakati mmoja. Newman alifanya jambo la jamaa hiyo Clason Point, New York: ardhi iliyokuwa ya wote iligawiwa kaya kwa mipaka midogo, na wakazi wakaanza kuitunza wenyewe.

Chumba cha kufulia ndicho kinachostahili nafasi ambayo hupewa ukumbi. Watu hawahitaji kualikwa kufua. Kiwe uani, kikiwa na dirisha kubwa linaloona mahali pa kuchezea watoto wadogo, umbali usiozidi mita 15. Beseni moja au mashine moja kwa kaya 10 hivi inatosha ikiwa kuna zamu. Bomba la maji machafu liwe la milimita 100, lenye chujio la nyuzi linalofunguliwa kwa mkono. Bomba la milimita 50 huziba, maji hufurika, chumba hufungwa kwa muda, na muda huo hauishi. Mita ya maji na ya umeme ya chumba hicho iwe peke yake, kwani bili ya pamoja isiyojulikana nani alitumia nini ndiyo mwanzo wa ugomvi unaopelekwa hadi mahakamani. Kamba za kuanikia ziwe kwenye jua, zisivuke njia. Mapipa ya taka yakae karibu na lango, penye upepo usiorudi uani, sakafu yake ikiwa na mteremko na bomba la kuoshea.

Magari yaishie pembeni. Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco: wa magari kama 2,000 kwa siku wakazi walikuwa na marafiki 3 kwa wastani mtaani kwao, wa magari 16,000 walikuwa na 0.9. Kuegesha mita 50 kutoka mlangoni kunalalamikiwa mwezi wa kwanza, lakini zile mita 50 ndizo watu hukutania. Acha nafasi chache za wenye ulemavu karibu na kila ngazi, na mteremko wa kiti cha magurudumu usiwe mkali kuliko 1 kwa 12.

Kuhusu utaratibu wa kazi, tuna ushauri mmoja unaokera wakandarasi: msianze na jengo zima. Kaeni wiki moja mkihesabu watu wanasimama wapi, saa ngapi, kwenye kivuli au juani, na mweke alama kwenye ramani. Watu wameshachagua mahali pao. Mara nyingi ni pahali pabovu karibu na bomba, na kazi yenu ni kupaboresha, si kuwahamishia kwenye benchi jipya lililo upande mwingine. Chora kwa chaki upana wa kituo kipya, weka viti vya muda kwa mwezi. Kisha karabati ngazi moja, ikaliwe, irekebishwe, ndipo zifuate nyingine.

Na msiwahamishe watu kama si lazima, kwani ujirani wa miaka 20 haurudishwi na barua ya mgao. Huko Grand Parc, Bordeaux, Ufaransa, majengo matatu yenye nyumba 530 yaliongezewa vyumba vya mbele vya vioo vyenye kina cha karibu mita 4, wakazi wakiendelea kuishi humo. Vipande viliundwa kiwandani na kupandishwa kwa winchi, na kazi katika kila nyumba ilipimwa kwa siku, si kwa miezi. Mradi huo ulipata tuzo ya Umoja wa Ulaya ya usanifu mwaka 2019. Pale ambapo kuhama hakukwepeki, hamisheni ngazi nzima pamoja, muwape haki ya kurudi kwa maandishi, na orodha ya nani alipakana na nani itunzwe kama michoro inavyotunzwa.

Linalobaki ni nani anashika ufunguo. Kila ngazi iwe na watu wawili wenye ufunguo wa chumba cha kufulia, wa kabati la mita na wa stoo ya vifaa vya usafi, wakibadilishwa kila miezi sita. Taa iliyoungua ibadilishwe ndani ya saa 24, na sanduku la balbu za akiba liwe ndani ya jengo, si ofisini. Fungu la matunzo la kila ngazi litengwe na kuandikwa ukutani: kimeingia kiasi gani, kimetumika wapi. Yakifanyika hayo kwa mwaka mmoja, wakazi waulizwe kama bado wanataka ukumbi, na kama wanautaka, waseme wao uwekwe wapi.

Wasanifu na wasimamizi wa makazi ya umma